Dawa Haitamkuta Kiprono

Yamumbi, Eldoret
Jumamosi, saa saba mchana

Chelagat mwanangu,

Umeondoka asubuhi na mama yako kwenda Chepsaita kumuaga nyanya yako, na namjua mama yangu, hatawaachilia kabla hamjala mara mbili. Kwa hivyo nina saa kadhaa. Nimebaki na ndugu yako Kiprono. Amelala kwenye kochi la sebuleni, uso ameuelekeza ukutani kwa sababu mwanga wa dirisha unamuumiza macho. Sanduku lako liko hapa mbele yangu, wazi, na nguo umezipanga vizuri kuliko nilivyowahi kupanga kitu chochote maishani. Mambo ya sweta, ya chakula cha kule na ya kusali, mama yako amekwisha kukuambia, na kesho kwenye gari atakuambia tena mpaka uombe kufika Nairobi. Hapo mimi sina la kuongeza.

Nina jambo lingine. Nikilizunguka nitalikosa, kwa hivyo naliandika sasa mkono ukiwa bado una nguvu. Wiki tatu zilizopita, nilipompeleka Kiprono Nairobi kupigwa ile picha ya ndani ya kichwa, nilirudi nikakuambia kwamba daktari amesema tungoje tuone. Hakusema hivyo. Alisema uvimbe umeanza kukua tena, ile miale waliyomchoma haikuuzuia, na kuupasua hawezi kwa sababu umekaa ndani kabisa, kwenye shina la ubongo, mahali ambapo kisu kikikosea kidogo tu mtu haamki. Nilimuuliza ni miaka mingapi. Akavua miwani, akasema, "Mzee, tuongee habari ya miezi." Kisha akasema tukifika na Kiprono Krismasi, tushukuru.

Mama yako anajua. Nilimwambia siku ile ile, na papo hapo nikamkataza kukuambia. Wewe ulidhani ameninunia wiki hizi zote kwa sababu ya yule ng'ombe niliyemuuza bila kumuuliza. Habari ya ng'ombe alishaisamehe. Hii hajaisamehe, na sijui kama ataisamehe.

Unaondoka kwenda kusoma ng'ambo kwa miaka minne. Unaondoka ukiamini kwamba unakwenda kumletea ndugu yako dawa, na aliyekuaminisha ni mimi, mbele ya kanisa zima. Mpango wangu ulikuwa kuificha barua hii chini ya viatu vyako, uikute ukishafika, bahari ikiwa katikati yetu na huwezi tena kugeuka. Bado ndio mpango wangu ninapoandika mstari huu. Nikikuambia leo, najua utakachofanya. Utatoa hizo nguo moja moja, uzirudishe kabatini, uketi kando ya hilo kochi, na profesa wa chuo kile atampa mtu mwingine nafasi yako.

Wacha nianze na siku nzuri, maana tulikuwa nayo moja. Mwezi wa sita, Kiprono akiwa amerudi nyumbani na kichwa kilichonyolewa na ule mrija mwembamba waliomwekea chini ya ngozi nyuma ya sikio, wa kuteremsha maji yaliyokuwa yakimjaa kichwani. Nilitoka zamu ya asubuhi nikakukuta jikoni na gazeti la kigeni uliloazimwa na mwalimu wako wa kemia. Hata chai hukunipa.

"Baba, keti," ulisema. "Shida ya ubongo si ati dawa hakuna. Dawa ziko. Lakini haziwezi pita. Mishipa ya damu ya kichwa imeshikana sana, ni kama kuna askari kwa mlango, anarudisha karibu kila kitu."

"Sasa?"

"Sasa kuna watu wanajaribu kufunga dawa ndani ya tone ya mafuta. Ndogo sana, hata darubini ya shule haiwezi ona. Wanataka ipite bila huyo askari kushtuka. Na Baba, hao watu wako kwa hiyo chuo yangu. Hiyo hiyo yenye imeniita."

Nilicheka kwa sauti. Nilikuambia kwamba tone la mafuta ndiyo kazi yangu, kwamba miaka kumi na minne nimesimama kando ya homojenaiza pale kiwandani nikisukuma maziwa kwa nguvu kwenye upenyo ambao hata unywele hauingii, mpaka mafuta yanapasuka vipande vipande na kusahau kupanda juu. Kila mtoto wa shule aliyekunywa maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya shuleni, kutoka kwetu, katika zile pakiti za pembe tatu, amekunywa kazi ya mkono wangu. Ulinitazama kwa huruma. "Matone yenu ni milima, Baba. Hawa wanahesabu kwa nano." Ukaniandikia neno hilo kwenye ukingo wa gazeti. Ukasema, chukua mita moja, ikate vipande bilioni moja, kipande kimoja ndicho nanomita. Nikakuuliza nani atashika msumeno.

Kesho yake nilileta chupa mbili kutoka kazini, moja ya maziwa yaliyopita kwenye mashine na nyingine ya yasiyopita, tukayamimina kwenye glasi dirishani. Kufika jioni, glasi moja ilikuwa na malai juu, nyingine haina hata dalili. Kiprono alifunga lile jicho lililopinda akaangalia glasi kwa jicho zima, kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kwa hivyo mimi nitaponeshwa na maziwa? Na venye mimi huchukia maziwa!" Tulicheka sote wanne. Mama yako alicheka mpaka akafuta macho na leso. Sijasikia nyumba hii ikicheka hivyo tangu siku ile.

Nadhani hapo ndipo nilipopotea. Nilianza kusema neno nano mahali ambapo halihitajiki. Nililisema kiwandani, nikalisema kwa kinyozi. Ulinisomea gazeti lile mara mbili, na mara zote mbili lilisema wanajaribu kwa panya. Nilisikia panya vizuri sana. Niliamua sikusikia.

Siku ya harambee yako, ule mchango wa safari tuliofanya uani kwa kanisa, unakumbuka jinsi watu walivyokuwa wamechoka. Mwenyekiti wa tawi la chama alikuwa amehutubia saa nzima na kutukumbusha kila mmoja akate kadi, chifu amesinzia, na karai lilipopitishwa mara ya kwanza lilirudi jepesi. Nililaumu jua. Nikasimama, mimi ambaye hata kwenye mazishi sisemi, nikamshika Kiprono bega, kofia ikiwa imemfunika kovu, nikasema, "Huyu msichana hatuletei digirii. Huyu msichana anarudi na dawa ya ndugu yake." Watu waliinuka. Akina mama waliotembea kutoka Langas na vikapu vyao vya mboga, ambao wana watoto wao wa kulipia karo, walifungua vitambaa. Kiprono akageuza kichwa polepole kukutafuta. Wewe ukainamisha uso.

Hukunilaumu hata neno moja. Lakini wiki ile nilikusikia ukimwambia chumbani, "Ningoje mwaka moja tu, Kip. Hata isipoisha masomo, nitaiba hiyo dawa nikuje." Naye akasema, "Nitangoja." Nilikuwa ukumbini na viatu mkononi. Ningeingia wakati ule nikasema ukweli, kwamba nilitia chumvi, kwamba ni panya. Nilikwenda kulala.

Sasa nifike kwenye lile lenyewe. Mambo ya tohara hayaandikiwi mtoto wa kike, na wazee wa Chepsaita wakijua watanitoza kondoo. Wacha wanitoze.

Mimi baba yako, nilipokuwa kijana, siku ya kisu nilikunja uso. Kidogo tu, labda muda wa kupepesa jicho, lakini wanaume waliokuwa mbele yangu waliona, na jambo la namna hiyo kwetu haliishi. Nilibandikwa jina ambalo sitaliandika hapa. Kwenye vikao vya wanaume nilikaa karibu na mlango. Wajomba wa mama yako nusura wanikatae kwa sababu hiyo. Wewe umekua ukidhani tulihamia hapa Yamumbi ili niwe karibu na kiwanda. Nilifuata mahali ambapo hapakuwa na mtu aliyeniona siku ile. Hata mama yako sijawahi kumwambia hilo kwa mdomo wangu.

Basi mwaka jana, mwezi wa nane, nikiwa nakama, Kiprono alinijia zizini. Alikuwa ameandikishwa kwenda tohara Desemba pamoja na wenzake wa Chepsaita. Alisimama pale akichokonoa ukuta kwa kidole, akasema, "Baba, kila asubuhi kichwa inauma. Na leo nimetapika." Unajua kitu cha kwanza nilichofanya? Niligeuka kuangalia kama kuna jirani aliyesikia. Kisha nikamwambia, "Usiseme hiyo maneno tena mpaka Desemba iishe. Watasema unaogopa kisu." Akasema, "Sawa, Baba." Nikaendelea kukama.

Desemba alisimama. Hakutikisika, hakupepesa. Sikuwa nimewahi kuona fahari kama ile, na nitakuambia aibu yangu yote: siku ile nilikaa katikati ya nyumba, na mzee mmoja aliyenijua tangu utoto akanisogezea kiti. Nilifurahia kiti. Kule menjo, kibanda wanakokaa vijana faraghani mpaka wapone, mtu aliyekuwa akiwatunza aliniambia kwamba Kiprono anatapika asubuhi. "Lakini halalamiki," akasema. "Huyo umezaa mwanaume." Nikamwambia ni chakula kimebadilika. Nilirudi Eldoret nikipiga mluzi.

Mwezi wa nne wakati wa mbio za shule alitoka kwenye mstari wake, akakata uwanja mzima, akaanguka kwenye miguu ya watazamaji. Mwalimu akadhani ameonja pombe ya busaa. Mimi nikaamini. Nilimpiga kofi mbele ya wenzake, kwa mkono huu huu ulioshika kalamu. Alipoinua uso ndipo nikaona jicho la kushoto limegeukia puani na limekwama huko. Wewe ulikuwa hapo, uliona. Kitu ambacho hukusikia ni tulichozungumza hospitalini tukingoja daktari. Nilimuuliza mbona hukuniambia. Hakukasirika. Alisema tu, kama mtu anayekumbusha, "Uliniambia nisiseme mpaka Desemba iishe. Halafu hukuniambia naweza sema."

Mwanangu, nimelisoma Neno la Mungu tangu nikiwa mtoto, na hakuna mstari humo ulionichoma kama maneno hayo. Nilimuuliza daktari wa Nairobi: kama ningemleta mwezi wa nane? Ni mtu mwema, hakutaka kunivunja. Alisema, "Labda uvimbe ungekuwa mdogo. Labda tungejaribu. Siwezi kukuambia ndiyo na siwezi kukuambia hapana." Afadhali angesema ndiyo. Ningejua nimebeba nini.

Sasa nikueleze upumbavu wa wiki hii, uujue wote. Siku ya Jumatatu nilichukua vidonge vya Kiprono vya siku ile, vile vya kupunguza uvimbe, nikavisaga kwenye kinu cha mama yako. Nikavibeba ndani ya karatasi hadi kazini. Maabara ya kiwanda ina homojenaiza ndogo ya kujaribia, ya kuzungusha kwa mkono. Saa ya chakula, wenzangu wakiwa nje, niliukoroga ule unga ndani ya malai nikaupitisha kwenye mashine mara saba. Mara saba, Chelagat. Nilijua ni milima. Ulikuwa umeniambia. Mkono ulikuwa ukizungusha huku nikisema kwa sauti, pita, pita, pita, kama mwendawazimu. Wangenikuta ningefutwa kazi, na ningewaambia nini?

Nilileta nyumbani kwa chupa ya chai. Kiprono alikunywa, akasema, "Hii inakaa maziwa ya Nyayo yenye imeoza." Hakuitapika. Alilala vizuri, na Jumanne akaamka akala mayai mawili, akatembea mpaka getini akijishikilia kwenye ua. Uliona. Ulipiga makofi. Mimi nilikwenda nyuma ya choo nikalia kwa shukrani, nikamwambia Mungu sitamwomba kitu kingine tena. Jumatano asubuhi alitapika kila kitu, na jicho la kulia nalo likaanza kufuata mwenzake. Ulifua lile blanketi ukaniuliza mbona linanuka maziwa. Nikakuambia sijui.

Nimekueleza hili ili ujue ni watu gani wanaongoja upande wa huku wa kazi unayokwenda kuifanya. Utakuwa kwenye chumba safi na mashine za kuona vitu ambavyo macho yangu hayatawahi kuona. Siku moja tone litapita kwa yule askari, kwa panya, na mtu atataka kukimbia kutangaza. Siku hiyo nikumbuke mimi na kinu cha mama yako. Sisi tutaamini nusu ya neno. Tutauza ng'ombe kwa sababu ya nusu ya neno. Kama ni panya, useme panya, na urudie mpaka mtu kama mimi asikie. Na likishindwa kupita, useme limeshindwa, hata kama aliyekulipia anataka kusikia lingine. Sikuambii haya kwa sababu ninayajua. Ninakuambia kwa sababu sikuyafanya.

Na wewe ukiumwa huko, iwe mwili au moyo, usiangalie kwanza kama jirani anasikia. Mwambie mtu. Najua umerithi kwangu kunyamaza, nimekuona wiki hizi ukimsafisha ndugu yako na midomo umeikaza. Sikuwahi kukufundisha kwa maneno. Ulinitazama tu.

Sijui nikuombe nini. Nimejaribu kuandika sehemu hii kwenye karatasi nyingine mara tatu nikaichana. Nenda, nakuomba nenda, kwa sababu Krismasi itafika na yule mtoto hatakuwepo, na huko Langas, na huko Chepsaita, mtoto mwingine atasimama zizini aseme kichwa kinamuuma, na sitaki daktari wake naye avue miwani. Kaa, nakuomba kaa, kwa sababu anauliza uko wapi kila ukitoka kwenda dukani. Nikiandika nenda naona kochi hilo likiwa tupu na wewe hukuwepo kumshika mkono. Nikiandika kaa nakuona ukiwa na miaka arobaini, umeketi hapa hapa, na hunisemeshi. Nimeshindwa. Mimi ni mzazi na nimeshindwa kuchagua, ndiyo maana nilichagua uongo, kwa sababu uongo ulikuwa unakupeleka kwenye ndege bila mimi kuulizwa.

Nimeacha kuandika kidogo. Sasa ni saa kumi na moja. Kiprono aliamka.

"Baba, unaandika nini hiyo muda yote?"

"Barua ya dada yako."

"Nisomee."

Nilifungua mdomo kumwambia hii ni ya watu wazima. Kisha nikaangalia karatasi, mahali nilipoandika habari ya zizi, wino haujakauka vizuri. Nikavuta kiti karibu na kochi nikamsomea kuanzia juu. Nilipofika kwa maneno ya daktari niliikunja karatasi.

"Endelea," akasema. "Hiyo najua. Mlango ya daktari haikuwa imefungwa. Nilikuwa kwa benchi."

Wiki tatu, Chelagat. Wiki tatu amelala hapo akijua, akiendelea kukuambia nitangoja, akiniambia hajambo.

"Mbona hukusema?" nikamuuliza, na nikalijutia swali kabla halijaisha.

"Chela angebaki."

Nikasoma yote yaliyobaki, hata kofi, hata vidonge na mashine. Hapo kwenye mashine alicheka kidogo, akasema ndiyo maana ilikuwa na ladha ya chaki. Nilipomaliza akaniuliza nitaiweka wapi barua. Nikamwambia chini ya viatu, uione ukifika.

"Hapana," akasema. "Huko atasoma akiwa peke yake. Mpe leo nikiwa hapa."

Ndipo nikamwambia maneno niliyopaswa kumwambia Januari. Nilimwambia, "Kiprono, Desemba iliisha. Unaweza kusema sasa." Nilidhani atasema sawa, Baba. Alitafuta mkono wangu kwa kupapasa, akashika vidole viwili, akasema, "Inauma, Baba. Kila siku inauma. Na naogopa." Nikamwambia hata mimi naogopa. Tukalia, sote wawili, bila kumwangalia jirani yeyote.

Kwa hivyo barua hii hutaikuta chini ya viatu. Nitakupa mkononi ukiingia, kabla hujavua hata kitambaa. Gari litakuja kesho saa kumi na mbili asubuhi. Ukipanda, utapanda ukiwa unajua, na mtakuwa mmeagana kwa macho yaliyo wazi, wewe na yeye. Ukibaki, nitakwenda mimi mwenyewe kumwandikia profesa, nitakwenda kusimama mbele ya kanisa lile lile na kuwaambia niliwadanganya, na hutasikia neno la lawama kutoka kwangu mpaka nife. Mama yako ametayarisha kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya mgando, cha kukunywesha kesho mlangoni. Kitanyweka hata kama huondoki.

Mbwa wanabweka, nadhani ni nyinyi hapo kwenye kona. Kiprono ameniomba nimwinue. Amesema niweke mto nyuma yake na nifungue pazia, ajue ukiingia, kwa sababu anataka umkute ameketi.

Baba yako